Sampla Ipi Nichukue? Anza kwa Kuhesabu Sekunde

Wasomaji wanaotengeneza muziki kwa simu na kompyuta wanauliza swali moja kwa sura nyingi: nichukue sampla gani? Mmoja ana laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, mwingine ana simu tu, wa tatu amejaza diski nzima maktaba za sauti na bado hajamaliza wimbo hata mmoja. Hali zao hazifanani, lakini jibu lao linaanzia mahali pamoja. Kwa asiyeijua, sampla ni programu inayopokea sauti yoyote iliyorekodiwa (yaani sampuli) na kukuwezesha kuipiga kama ala: kuipandisha, kuishusha, kuikata, kuirudiarudia, kuigeuza kinyumenyume. Zipo nyingi, na karibu zote zinatoa sauti safi. Suala la ubora wa sauti tuliweke kando mapema, maana faili likiwa lile lile, msikilizaji wako hatajua kama kiki ilipigwa na sampla ya bure au ya mamia ya dola.

Hoja ya makala hii ni kwamba ukitaka kutengeneza muziki wa kielektroniki haraka na kwa raha, pima muda unaopita tangu usikie sauti unayoitaka hadi uipige kwa vidole ndani ya mdundo. Muda huo ukiwa sekunde kumi, utaendelea. Ukiwa dakika kumi, wazo litakuwa limekwisha poa, na utajikuta unafungua menyu usiku kucha badala ya kupiga muziki. Ukubwa wa maktaba, wingi wa efekti na jina la prodyuza maarufu anayeitumia ni mambo ya kuangalia baadaye, kama bado yatakuwa na maana.

Ushahidi uko kwenye mashine za zamani

Anayedhani chombo kikubwa ndicho huzaa muziki mkubwa aitazame mashine ya sampla ya E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987. Kumbukumbu yake yote ilibeba sekunde 10 hivi za sauti, kwa ubora wa biti 12 na kiwango cha kHz 26.04, chini kabisa ya CD. Maprodyuza wa hip hop walioitumia walibuni ujanja: santuri ya mizunguko 33 waliichezesha kwa mizunguko 45 ili kipande kiingie kwa muda mfupi zaidi, halafu wakakishusha tena ndani ya mashine. Ukwaruzaji na uzito uliotokana na ujanja ule, leo watu wananunua programu za kuuiga. Mwaka 1988 ikaja Akai MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn, ikiwa na padi 16 za mpira zilizopangwa nne kwa nne. Mpangilio huo haujafa. Fungua sampla nyingi za simu leo na utaukuta kwenye kioo. DJ Shadow aliitumia MPC60 kutengeneza albamu yake ya Endtroducing, iliyotoka 1996, ambayo karibu kila kinacholia ndani yake ni sampuli iliyotolewa kwenye santuri.

Karibu na nyumbani, singeli ya Dar es Salaam inasema hayo hayo. Muziki huo wa Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, unaokimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, ulikuzwa kwenye studio za vyumba vidogo na kompyuta za kawaida, kwa kuchukua vipande vya taarabu na mchiriku, kuvifupisha, kuvikimbiza na kuvirudiarudia. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, uliufikisha kwa wasikilizaji wengi wa Ulaya. Aliyeusikia aliuliza ni akina nani hawa, wala hakuuliza maktaba yao ina gigabaiti ngapi.

Utasema hao hawakuchagua uchache, uliwakuta. Ni kweli, na wengi wao wangepewa kumbukumbu kubwa zaidi wangeipokea kwa mikono miwili. Lakini jambo lililowasaidia halikuwa shida yenyewe. Lilikuwa ni kwamba kati ya kidole na sauti hapakuwa na kitu: unabonyeza, inalia. Sampla ya leo inaweza kuwa na kumbukumbu isiyo na mwisho na bado ikakupa wepesi huo. Nyingine, kwa bahati mbaya, zimeuzika chini ya kurasa tatu za mipangilio.

Jaribio la dakika kumi

Kabla ya kununua, na hata kabla ya kusoma sifa zozote, pakua toleo la majaribio na ufanye kazi hii ndogo. Weka saa karibu. Usitazame video ya mafunzo kwanza, maana unataka kujua programu inaeleweka kiasi gani kwa mtu aliyeifungua leo.

1. Rekodi kofi moja la mezani, au buruta faili moja la sauti uliache ndani ya sampla. Lilie ndani ya sekunde kumi.
2. Kata ukimya ulio mwanzoni mwa sauti.
3. Ishushe nusutoni 12, kisha ipandishe 7.
4. Ingiza lupu ya ngoma yenye baa mbili, ikatekate vipande, kila kipande kikae kwenye padi au ufunguo wake.
5. Piga mdundo mpya kwa vipande hivyo na urekodi ulichopiga.
6. Toa matokeo yakiwa faili la WAV.

Kila unapokwama kiasi cha kulazimika kutafuta msaada, weka alama. Alama moja si kitu. Zikifika tatu, iache programu hiyo hata kama imesifiwa na dunia nzima. Kisha rudia jaribio kesho yake, kwa sababu kuna programu zinazopendeza kwa rangi na taa siku ya kwanza na kuchosha siku ya pili. Ukijikuta unaifungua tena bila kujilazimisha, huo ndio ushahidi unaotafuta.

Hatua ya pili imewekwa kwa makusudi. Sauti iliyorekodiwa kwa simu mara nyingi huanza na ukimya mfupi, tuseme milisekunde 30, usioonekana mpaka ukuze picha ya wimbi. Kwenye mdundo wa mapigo 240 kwa dakika, noti ya moja ya kumi na sita huchukua milisekunde 62.5 tu. Maana yake ukimya ule peke yake unasogeza kiki yako karibu nusu ya noti nzima, na mdundo unasikika kama unaburuta mguu. Watu hulaumu vidole vyao, wengine hulaumu kompyuta, kumbe tatizo ni mkato uliorukwa. Sampla inayokulazimisha utoke nje, ufungue programu nyingine, ukate, uhifadhi na urudi, itakufanya uache kukata.

Mambo ya lazima, na mambo ya mapambo

Orodha za sifa kwenye matangazo ni ndefu, na zimeandikwa ili uone haya kumiliki programu isiyo na kila kitu. Kwa kazi ya haraka, haya ndiyo ya lazima:

- Kuburuta faili na kuliacha ndani, au kurekodi moja kwa moja.
- Kuchagua kama sauti icheze yote ukigusa mara moja, au ikatike unapoachia kidole. Kiki inataka ya kwanza, sauti ya kuimba mara nyingi inataka ya pili.
- Kukata lupu vipande kwa kufuata mapigo yake yenyewe.
- Kidhibiti cha jinsi sauti inavyoanza na kuzimika, na kichujio kimoja.
- Kunyamazishana: hayihati iliyofungwa ikate sauti ya iliyo wazi, kama ilivyo kwenye ngoma halisi.
- Kurekodi upya ndani kwa ndani, yaani unachopiga pamoja na efekti zake kigeuke kuwa sampuli mpya.

Hilo la mwisho hudharauliwa, na ndilo linaloleta raha kuliko mengine yote. Ukiweza kupiga baa mbili, kuzipitisha kwenye efekti, kuzinasa na kuzipiga tena kama sauti moja, utazalisha vitu ambavyo usingevipanga hata ukikaa mwezi mzima. Na kwa kuwa kilichonaswa hakibadiliki tena, unalazimika kuamua na kusonga mbele.

Tabaka nyingi za nguvu ya mguso, lugha ya kuandikia maagizo ndani ya sampla, vitambulisho vya maktaba na ramani za vyumba vya mwangwi ni vya mtu anayetaka kuiga piano au okestra nzima. Kama huigizi okestra, ni mapambo.

Kuhusu kasi na ufunguo

Hapa ndipo maswali yanapokuwa mengi, hasa kwa wanaopenda kukimbiza vipande vya muziki wa zamani. Sampla hubadili kasi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya asili: sauti ikikimbizwa inapanda, ikipunguzwa inashuka, kama kaseti. Kasi ikiwa mara mbili, sauti hupanda nusutoni 12, oktava kamili. Ikiwa mara moja na nusu, hupanda karibu nusutoni 7. Kwa hiyo kipande cha mapigo 100 kwa dakika ukikipeleka 200, mwimbaji atasikika kama mtoto. Kwenye singeli hilo ni ladha yenyewe. Njia ya pili ni kunyoosha muda: programu inakimbiza kipande lakini inakilinda kisipande. Hii inafaa unapotaka uimbaji ubaki wa kibinadamu au gitaa likae kwenye ufunguo wa wimbo wako.

Onyo ni kwamba kunyoosha muda kuna gharama. Ukivuta kipande kupita kiasi, ngoma hupoteza ukali wa mwanzo na sauti za kuimba hutetemeka. Programu nyingi huwa na namna tofauti za kunyoosha kwa ngoma na kwa wimbo kamili. Watu wengi huacha iliyowekwa tangu kiwandani kisha wanalalamika. Badili namna kwanza, lalamika baadaye. Na kabla ya kununua programu kwa sababu ya kunyoosha muda peke yake, jiulize kama muziki wako unahitaji hilo. Kwa mtu wa singeli, njia ya kaseti imetosha miaka yote.

Nani achukue ipi

Hakuna sampla moja kwa wote, na anayekuambia ipo anaiuza. Kigezo kinabaki kile kile cha sekunde, ila kinaangukia mahali tofauti kwa kila mtu kulingana na anachomiliki tayari.

*Mwenye simu pekee.* Koala Sampler, iliyotoka 2019 kwa iPhone na Android, ndiyo ya kujaribu kwanza. Unashika padi, unaongea au unapiga kitu, unaachia, na sauti iko tayari. Ina nafasi 64 za sampuli, sikwensa, efekti, na ule uwezo wa kurekodi upya ndani kwa ndani. Bei yake ni ya dola chache, ingawa baadhi ya vifaa vya ziada, ikiwemo kunyoosha muda, hulipiwa pembeni. Mwenye iPhone asiyetaka kutoa hata senti ana GarageBand, ambayo ndani yake mna sampla ndogo ya kurekodi kwa maiki na kupiga kwa kibodi ya kioo. Ni nyepesi kupita kiasi, na kwa wiki za mwanzo wepesi huo ni faida.

*Anayetumia FL Studio.* Huyu ni mkubwa wa familia Afrika Mashariki, na mara nyingi ndiye anayeuliza anunue sampla gani huku anayo. Programu hiyo ya Image-Line ya Ubelgiji, iliyozaliwa FruityLoops mwaka 1997, inageuza kila faili unalolidondosha kwenye orodha ya chaneli kuwa sampla. Bofya jina la chaneli, utaona kukata, kugeuza, kupandisha na kuzimisha. Kwa kukatakata lupu kuna Fruity Slicer, na kwenye matoleo ya juu kuna Slicex. Tumia hizo mpaka utakapoweza kutaja kwa sentensi moja kitu unachokihitaji na ambacho hazina. Wengi hawafiki hapo.

*Anayetumia Ableton Live.* Simpler inakutosha. Ina namna tatu: ya kawaida ya kupiga kwa kibodi, ya mguso mmoja, na ya kukata vipande. Vipande hivyo unaweza kuvihamishia kwenye Drum Rack, ukapata padi zako. Sampler, ile kubwa iliyo kwenye toleo la Suite, ina uwezo mwingi zaidi na ndiyo sababu inachelewesha. Live Lite hutolewa bure pamoja na kibodi nyingi ndogo za MIDI, hivyo tazama boksi la kibodi yako kabla hujatoa hela.

*Mwenye Mac na Logic Pro.* Tangu toleo la 10.5 la mwaka 2020 kuna Quick Sampler, na jina lake halisemi uongo. Inaweza hata kurekodi kutoka kwenye maiki bila kutoka nje ya dirisha lake.

*Asiye na hela, mwenye kompyuta ya Windows au Linux.* LMMS ni ya bure kabisa na ina sampla yake, AudioFileProcessor. Sura yake haipendezi, lakini kazi inafanyika. Kama tayari una programu nyingine ya kutengenezea muziki na unataka plagini ya ngoma tu, Sitala ina padi 16 na vidhibiti vichache sana kwa kila padi, na toleo lake la kwanza lilitolewa bure. Reaper nayo huruhusu siku 60 za majaribio, na leseni yake ya punguzo ni dola 60. Sampla yake ya ndani, ReaSamplOmatic5000, ni kavu kuliko jina lake.

*Anayekata santuri na nyimbo nzima.* Serato Sample ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Inatambua ufunguo na kasi ya wimbo, inakupendekezea vipande, na kunyoosha kwake muda ni kuzuri. Inalipiwa, na kama hukati nyimbo nzima hutaona thamani yake.

"Lakini wataalamu wote wana Kontakt"

Pingamizi hili ni zito na linastahili jibu kamili. Kontakt ya Native Instruments, iliyotoka mara ya kwanza 2002, ni sampla yenye nguvu sana, na studio za filamu na matangazo haziwezi kuiacha. Ila tazama wanaitumia vipi: kwa sehemu kubwa wanapiga ala zilizotengenezwa na wengine, ziwe vinanda, filimbi, kwaya au ngoma za okestra. Hapo programu inageuka kuwa mlango wa duka la ala, na ni mlango mzuri. Kutengeneza ala yako mwenyewe ndani yake kutokana na kofi la mezani kunawezekana, lakini utapita kwenye ramani ya funguo, makundi na mipangilio ambayo kila moja inaomba uamuzi. Kwa mtunzi wa filamu mwenye wiki mbili za kazi hiyo si shida. Kwa mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili na anataka apige kitu kabla ya kulala, ni ukuta.

Wapo wanaosema pia kwamba sampla ndogo utaizoea upesi, kisha utalazimika kuhama na kupoteza kazi yako. Kuhama kutakuwepo, kupoteza si lazima. Sampuli ni faili la WAV, na WAV hufunguka kila mahali. Ukihifadhi sauti zako kwenye folda yako mwenyewe, zikiwa na majina yanayoeleweka, utaondoka nazo kwenda kokote. Kinachobaki nyuma ni mipangilio ya programu, na hiyo kwa kazi ya haraka haizidi dakika chache kuirudisha.

Sauti inayochelewa

Sampla nzuri kuliko zote haitakuwa na raha kama unabonyeza sasa na inalia baadaye. Kwenye kompyuta, muda huo hutegemea bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa. Kwa kiwango cha kHz 44.1, bafa yenye ukubwa wa 512 ni kama milisekunde 11.6, na ya 128 ni kama 2.9, kabla ya kuongeza ucheleweshaji mwingine wa kifaa chenyewe. Kwenye Windows weka kiendeshi cha ASIO. Kama huna kadi ya sauti ya nje, ASIO4ALL ya bure husaidia, na FL Studio huja na chake. Bafa ikiwa ndogo mno utasikia mikwaruzo. Ipandishe hatua moja moja mpaka ikome.

Hedifoni za Bluetooth ziache kabisa wakati wa kupiga. Kuchelewa kwake mara nyingi huvuka milisekunde 100, na hakuna mpangilio utakaoliondoa tatizo hilo. Tumia za waya. Simu za Android hutofautiana sana katika hili, kwa hiyo jaribu programu kwenye simu yako hasa, usitegemee alivyosema mwenye simu nyingine.

Kompyuta ya zamani, kwa upande mwingine, inaogopewa bure. Dakika moja ya sauti ya stirio ya ubora wa CD ni MB 10 hivi. Sauti za ngoma huwa hazifiki hata sekunde moja. Kifaa kizima cha ngoma kinaweza kuingia kwenye MB chache, mzigo ambao laptopu ya miaka kumi iliyopita inaubeba bila kutoa jasho. Kinachoiumiza ni maktaba za gigabaiti nyingi na efekti nzito za mwangwi.

Sauti za kuanzia, na sheria

Usianze kwa kupakua furushi la sauti elfu kumi. Utatumia jioni nzima ukisikiliza kiki moja baada ya nyingine, na mwisho utachukua ya kwanza. Chukua kifuniko cha sufuria, kipige kwa kijiko karibu na simu, kata ukimya, kisha ukishushe nusutoni 12. Utapata kitu kinachokaribia kengele nzito. Fupisha mwisho wake, nayo inageuka kuwa pigo la chuma la kuweka pamoja na sneya. Funga kichujio, ishushe tena, na una mwanzo wa besi. Hizo ni sauti tatu kutoka jikoni, na hakuna mwingine aliye nazo. Konda anapogonga bodi la daladala, mchi unapogonga kinu, mlango wa bati unapojifunga kwa upepo, yote hayo ni malighafi.

Ukitaka za mtandaoni, Freesound ina rekodi nyingi zenye leseni za Creative Commons. Soma leseni ya kila faili: CC0 unaruhusiwa kuitumia utakavyo, nyingine zinadai umtaje aliyerekodi, na nyingine zinakataza biashara.

Kwa nyimbo za watu, tuondoe uongo mmoja unaozunguka kila studio, kwamba ukichukua chini ya sekunde kadhaa huhitaji ruhusa. Hakuna kanuni kama hiyo. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilimkuta rapa Biz Markie na makosa kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu hapo kampuni za muziki za Marekani zimekuwa zikidai vibali vya sampuli kabla ya kutoa albamu. Kwa kawaida ruhusa ni mbili: ya mwenye rekodi na ya mtunzi wa wimbo. Tanzania mambo ya hakimiliki yanasimamiwa na COSOTA, Kenya na KECOBO. Ukijifunzia chumbani hakuna atakayekusumbua. Ukiuweka wimbo mtandaoni ili uingize hela, mifumo ya kutambua sauti inaweza kuukamata hata kama umeukimbiza, na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo wa asili. Na kwa anayesema sampuli ni uvivu, tofauti ipo kati ya kuchukua kiitikio kizima na kukitungia ngoma juu yake, na kuchukua nusu sekunde ya fidla ukaigeuza isitambulike. Sheria inaweza kuziweka kapu moja, sikio haliziweki.

Makosa yanayorudi

- Kununua wakati wa punguzo. Punguzo la asilimia 70 kwenye kitu usichokihitaji ni hasara ya asilimia 30.
- Kujaza padi zote 16 kabla ya kupiga chochote. Nne zinatosha kuanza.
- Kuacha kingo kali. Kipande kikikatwa katikati ya wimbi hutoa mlio wa "tk"; weka mwanzo na mwisho ulainike kwa milisekunde chache.
- Kusahau mipaka ya toleo la majaribio. FL Studio, kwa mfano, itakuruhusu kuhifadhi mradi lakini hutaufungua tena mpaka ununue. Toa WAV kabla ya kufunga.
- Kubadili sampla kila wimbo unapokwama. Ukikwama kwenye wimbo, badili sampuli.

La kuongeza kwenye orodha hiyo ni programu zilizovunjwa kufuli. Zinapatikana kirahisi, kwenye flashi ya rafiki au kwa fundi wa mtaani, na kila mtu anajua sababu ni bei. Tuache maadili pembeni na tutazame hasara ya kawaida. Mafaili hayo ni njia maarufu ya kuingizia virusi, hukulazimisha uzime kinga ya kompyuta, na hayawezi kusasishwa. Siku Windows ikibadilika, miradi yako ya mwaka mzima inabaki haifunguki. Ukilinganisha na LMMS ya bure, Sitala, au Koala ya dola chache, huokoi kitu. Anayeamua kununua FL Studio hupata masasisho ya maisha bila kulipa tena, hivyo mwenye kuweka akiba kidogo kidogo ana sababu ya kufanya hivyo.

Na chochote utakachochagua, leo leo tengeneza folda moja ya sampuli zako, ndani yake folda ndogo nne au tano tu: kiki, sneya, vyuma, sauti za watu, mengineyo. Unapohifadhi mradi, tafuta amri ya kukusanya mafaili yote pamoja nao. Live na FL Studio zote zinayo kwa namna yake. Nakili folda hiyo kwenye flashi au diski ya nje kila unapomaliza wimbo, maana sampuli ikihamishwa au ikifutwa, mradi utafunguka ukiwa na padi zisizolia.